Jioni za zeze na ughani kwenye ukumbi wa watu 60: niliyojifunza kwa miaka sita

Mkuu, umesema umepata chumba cha kuingiza watu 60 hapo Morogoro, unataka kila mwezi kuwe na jioni moja ya muziki wa asili na mashairi, na umeuliza mambo matatu: ukodi spika za ukubwa gani, wasanii utawapata wapi, na kiingilio kiwe kiasi gani. Mimi na wenzangu tunaandaa jioni za namna hiyo huu mwaka wa sita, kwenye mkahawa mmoja hapa Dar wenye viti 65 vikibanana. Nakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Nianze na spika. Usikodi kwanza. Keti na msanii wako ndani ya chumba hicho kikiwa kitupu, apige, nawe uzunguke kona zote ukisikiliza. Zeze la Kigogo, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, lina kibuyu chake, na kibuyu hicho ndicho kinachokuza sauti. Lilitengenezwa lisikike uani, watu wakiwa wamekaa karibu, na chumba chako hakizidi ua. Ukiliweka kwenye spika kubwa unapata kelele ya upinde ukisugua nyuzi, na ule utamu wa kibuyu unapotea.

Marimba ya mkono, yale ambayo Wagogo huyaita ilimba, yana siri nyingine. Kwenye kisanduku chake kuna tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mvumo kama wa nyuki kila chuma kinapoguswa. Jioni yetu ya pili tulikodi mitambo na fundi wake, kijana mchapakazi kabisa. Aliposikia mvumo ule akadhani waya umeharibika. Akabadilisha waya, akabadilisha maiki, mwisho akaanza kupunguza sauti za juu mpaka mvumo ukaisha. Mzee aliyekuwa akipiga akasimama katikati ya wimbo, akayalaza marimba magotini, akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, mbona mmeyanyamazisha?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile fundi yeyote anayekuja kwetu anafika alasiri, anakaa na msanii, anasikiliza ala bila umeme mpaka ajue sauti yake halisi ni ipi.

Sikatai maiki. Udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, huhitaji msaada kidogo watu wakianza kunywa chai na vikombe vikigongana. Vijana wengine wa mashairi wana sauti ya chini, na si haki kuwalazimisha kupayuka. Maiki moja nzuri na spika mbili ndogo zinakutosha. Fedha ya spika kubwa iweke kwenye nauli na chakula cha wasanii.

Jambo ambalo hukuuliza, nami naliona kubwa kuliko hayo yote, ni mpangilio wa jioni. Mwaka wetu wa kwanza tulileta kundi la akina mama wa muheme. Kama hujawahi kuuona, ni ngoma ya Kigogo ambayo wanawake ndio wapigaji, ngoma zimebanwa mapajani, na zikianza kulia ndani ya chumba cha watu 60 hata vioo vya madirisha vinatetemeka. Sisi tukawatanguliza wao, tukidhani tunachangamsha ukumbi. Aliyefuata alikuwa binti mwanafunzi wa chuo, ameandika shairi juu ya bibi yake aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Masikio ya watu bado yalikuwa yanalia muheme. Wengine walikuwa wamesimama wanajifuta jasho, wengine wanaagiza soda. Alisoma mpaka mwisho, hakuna aliyemsikia, akachukua mkoba wake akaondoka kabla sijamfikia. Ilichukua zaidi ya mwaka kumshawishi arudi. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma kwa sababu shairi lile lilikuwa zuri kuliko chochote kilichotokea usiku ule.

Sasa tunapanga kwa ukubwa wa sauti. Anatangulia mtu mmoja anayeghani bila ala yoyote. Masikio yakishatulia, zeze au marimba. Kisha vijana wa mashairi, wengine peke yao, wengine na ala. Tunapumzika, watu wanakula, halafu ndipo ngoma. Ngoma ikishaanza hakuna kurudi kwenye shairi. Na kama una ngoma za ngozi, zungumza mapema na mwenye nyumba kuhusu moto, maana lazima ngoma zioteshwe moto ili ngozi ikaze, hasa mvua zikinyesha. Sisi tunaweka jiko la mkaa uani nyuma ya jiko la mkahawa. Watoto wa jirani huja kulizunguka, na mara nyingi wazazi wao huwafuata, wakaishia kuingia ndani.

Kuhusu ughani nitaenda taratibu, kwa sababu hapo ndipo chumba kidogo kinapolishinda jumba kubwa. Shairi la kimapokeo la Kiswahili halikutungwa lisomwe kimya. Chukua tarbia ya kawaida: mishororo minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) nane kila kipande, vina vya kati na vya mwisho, na kwa kawaida kibwagizo kinachorudi kila mwisho wa ubeti. Mghani akiwa na mahadhi mazuri, ubeti wa kwanza watu wanasikiliza, wa pili midomo inaanza kuchezacheza, wa tatu ukumbi mzima unapokea kibwagizo bila kuambiwa. Jumba la watu elfu moja haliwezi kukupa hilo, kwa sababu mpokeaji wa nyuma hasikiki mbele. Kwenye chumba cha 60 kila mtu anasikia sauti ya mwenzake, na mghani anajibu. Nimemwona mzee wa Tanga akirudia ubeti mzima kwa sababu mama mmoja wa nyuma alikipokea kibwagizo kwa sauti ya pili iliyomfurahisha. Hapo shairi limeshatoka kwenye daftari.

Kwa hiyo usipange viti kwa safu kama darasa. Panga nusu duara, mbele weka mikeka. Taa zisizimwe kabisa upande wa watu, mghani anataka kuona nyuso.

Vijana wa mashairi huru watakuambia hawana kibwagizo wala mizani. Ni kweli, na sipendi kuwalazimisha. Ule ubishi wa miaka ya 1970, kama shairi lisilo na vina ni shairi au si shairi, kwetu umeshazungumzwa mara nyingi juu ya sahani za mihogo, na hakuna aliyefukuzwa. Ninachowaomba ni kitu kimoja tu: leteni mshororo mmoja ambao mtu anaweza kuushika akatoka nao mlangoni. Wengi wanauweka, na wanashangaa wenyewe watu wanapoanza kuupokea. Urefu nao uangaliwe. Kwa mtu anayepanda mara ya kwanza beti 10 hadi 12 zinatosha, na kwa shairi huru dakika 5. Utenzi ni mrefu kwa asili yake, basi mghani achague sehemu moja ya kisa, aeleze kwa maneno mawili kilichotangulia, kisha aingie.

Ukitaka kuunganisha shairi na ala, wape siku ya kufanya mazoezi pamoja. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi mpiga zeze anaitwa dakika ya mwisho, anaambiwa "piga kitu nyuma yake taratibu." Mtu amebeba ala ya baba yake, amejifunza tangu utotoni, unamfanya pazia. Wakikaa pamoja hata saa mbili, mpigaji ataanza kusema, hapa nyamaza nipige mimi, hapa mimi nitanyamaza useme wewe. Matokeo yake ni kitu ambacho hakuna kati yao angekifanya peke yake.

Wasanii wa kuwapata: Morogoro umekaa pazuri. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR, reli ya kisasa, inabeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma kupitia hapo kwenu, kwa hiyo mpiga zeze wa Dodoma hana haja tena ya kukaa kwenye basi saa nyingi na kibuyu mapajani. Ugogoni kuna koo nzima za wanamuziki. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka huko, akaifikisha sauti hiyo ya zeze na marimba nchi nyingi, na alikuwa mwalimu Bagamoyo kwenye chuo ambacho leo tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wahitimu wa TaSUBa wapo mikoa mingi, na wengi wanapiga ala zaidi ya moja. Ila usiishie kwa waliosoma. Panda Mgeta, nenda Matombo, uliza watu wa milima ya Uluguru ni nani huitwa kwenye harusi na sherehe zao. Ukifika, shikamoo kwanza, kaa, kula ulichopewa, na habari ya onyesho uiseme baadaye. Safari ya kwanza mara nyingi unarudi bila jibu, nenda tena.

Na hapa nakusihi. Zipo nyimbo ambazo si za jukwaani. Nyimbo za unyago na jando zina watu wake na mahali pake. Niliwahi kumwomba bibi mmoja atuimbie aliyokuwa akiwaimbia wari, wasichana wanaochezwa unyago, kwa kuwa nilizisikia kwa mbali nikazipenda. Alinitazama kwa muda, akasema, "Hizo hazina viti." Nikaelewa. Akatuimbia nyimbo za kutwanga, na ukumbi ukatulia kama msikiti. Muulize msanii mwenyewe kipi cha kutoka nje na kipi cha kubaki nyumbani, na akikataa usimbembeleze. Kurekodi vilevile, omba ruhusa kabla hajaanza, na ukikataliwa waambie watu wote waziweke simu.

Sasa fedha. Sisi kiingilio ni shilingi 10,000, wanafunzi 5,000. Viti vikijaa tunapata kama 500,000, maana wanafunzi ni wengi, na mkahawa hautudai kodi kwa kuwa unauza chakula. Nauli, chakula na malazi tunalipa kabla msanii hajapanda. Kinachobaki kinagawanywa, na mshairi anapata fungu sawa na mpiga ala. Hili nalisema kwa uchungu. Kuna ofisi moja kubwa iliwaalika washairi wetu watatu na kikundi cha ngoma kwenye sherehe yao. Ngoma wakalipwa, washairi wakapewa chakula na kuambiwa wamepata nafasi ya kujitangaza. Mmoja wao alikuwa ametunga shairi jipya kwa ajili ya siku hiyo, usiku nne bila kulala vizuri. Mtu anayeona jasho la mpiga ngoma haoni jasho la anayetafuta kina. Wewe usiwe hivyo hata mara moja, hata jioni iliyokuja watu 14.

Usisahau pia kuacha njia katikati ya mikeka. Watu wetu wa pwani wamezoea kutunza; wimbo wa taarabu ukiwagusa lazima wainuke, waende polepole na noti mkononi mpaka kwa mwimbaji. Ukiziba njia umewanyima furaha yao na msanii umemnyima riziki. Nilifurahi sana mwaka jana nilipoona watu wameanza kuwatunza na washairi.

Muda: tunaanza saa 2 usiku baada ya sala ya Isha, ili adhana isimkute mtu katikati ya ubeti, na tunamaliza saa 4 kasorobo kwa ajili ya wanaopanda daladala. Kibali anza na afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza yanayohusu BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, usingoje wiki ya mwisho. Nyimbo na mashairi ya watu wengine yana wenyewe, hapo nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize.

Kama unaweza kushuka Dar mwezi ujao, tuna jioni mbili. Ya kwanza ni udi na kanuni pamoja na waghani wawili wa tarbia. Kanuni, nayo ala ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji wetu anahitaji saa nzima ya ukimya kuziweka sawa, kwa hiyo milango haifunguliwi mapema. Ya pili ni nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, mpigaji anatoka Rorya, na pamoja naye wanafunzi wanne wa sekondari na mashairi yao juu ya ziwa. Hiyo ya pili njoo saa 11 jioni utusaidie kupanga mikeka. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, kengele mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogongea ubao wa ala. Nusu ya muziki uko kwenye mguu ule. Mara ya mwisho watu wa nyuma hawakuuona, wakaulizana ngoma inapigwa na nani. Safari hii tumepata mbao za kuinua kigoda kidogo, na ningependa ukae nyuma kabisa uniambie kama mguu unaonekana.