Ungamo la jumla halikunipa amani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Makambako alinitumia ujumbe mrefu. Ameokoka, anaimba kwaya, anafunga na kuomba, lakini kuna dhambi moja ameitubu mpaka amechoka, na amani haiji. Mwishoni akauliza: "Kaka, Mungu ananisamehe kweli, au neema imeshanipita?" Dhambi yenyewe siiandiki hapa, ni siri yake. Ila nilimwuliza swali moja tu, ni nani hasa aliyeumizwa na jambo hilo. Hakujibu mpaka kesho yake, nami nikajua alipokwama, maana hapo hapo nilikwama miaka mingi.

Mimi ni mnunuzi wa viazi. Kwa msiokijua kilimo cha huku kwetu Mbeya, viazi mviringo hulimwa Umalila, Isyonje, na milima yote inayopanda kuelekea Kitulo na Makete. Sisi wanunuzi tunaingia na fuso hadi shambani, tunapatana bei, tunapakia, mzigo unashuka Uyole na kushika barabara ya Dar es Salaam. Bei tulikuwa tunapatana kwa gunia. Humo kwenye gunia ndimo dhambi yangu ilimokaa.

Lumbesa mnaijua. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba, linashonwa kwa kamba mpaka linaota kichwa cha pili. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Ya kwangu yalifika 130, na mengine yalipita hapo. Magunia 10 ya kilo 130 ni sawa na magunia 13. Mkulima alilipwa 10. Hayo matatu nilijichukulia mchana kweupe, na mwenye shamba mwenyewe akinishikia kamba wakati wa kushona.

Na wakati huo huo nilikuwa mzee wa kanisa. Nimelelewa katika Moravian, na babu zetu walilipokea Neno tangu wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo liturujia naijua kwa moyo. Kila Jumapili nilisimama na wenzangu tukaungama kuwa tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Niliungama kwa sauti ya kusikika. Mara nyingine machozi yalinitoka. Lakini katika miaka yote hiyo neno "lumbesa" halikuwahi kutoka kinywani mwangu mbele za Mungu. Nilikubali kwa urahisi kwamba mimi ni mwenye dhambi, kwa sababu na jirani yangu wa kulia alikuwa anakubali hivyo hivyo, na wa kushoto pia. Ndani ya ungamo la wote nilipata mahali pazuri pa kujificha.

Visingizio nilikuwa navyo. Soko ndivyo lilivyo. Nikidai gunia la kawaida, tajiri wa Dar ataninyima oda. Mkulima mwenyewe ameridhika, kwani nani amemlazimisha? Na kisingizio kikubwa kuliko vyote: natoa fungu la kumi. Mabati ya nyumba ya mchungaji nilichangia mimi, na jina langu lilisomwa.

Kilichonivunja ni Sikukuu ya Mavuno. Tulikuwa na mnada baada ya ibada kama kawaida: mahindi, kuku, mikungu ya ndizi, maharage. Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake nilikuwa nimetoka kupakia siku chache nyuma, alileta debe la viazi. Viazi vikubwa, safi, vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Nilipandisha bei, nikapandisha tena, nikalinunua debe lile kwa fedha ambayo haijawahi kutolewa kwa debe la viazi pale kanisani. Watu wakapiga vigelegele. Na yule mama akapiga makofi, amefurahi kwamba sadaka yake imeheshimiwa.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Fedha niliyomtolea Mungu kwa kishindo ilikuwa ya mama yule. Nilikuwa nimeichukua shambani kwake kwenye kilemba cha gunia, nikaileta madhabahuni kwa jina langu. Usiku ule ndipo nilipoitaja kwa mara ya kwanza: Bwana, nimemwibia mjane. Nimewaibia na wengine. Si kwa bahati mbaya, nilijua uzito wa kila gunia.

Wapendwa, tofauti ya maombi yale na yale ya miaka iliyotangulia siwezi kuipima. Mungu hashangazwi na dhambi yako. Anaijua kwa kilo. Anayetakiwa kuisikia ikitajwa ni wewe.

Nilikwenda kwa mchungaji wangu nikamweleza yote. Nilitarajia aniombee, nifarijike, nirudi nyumbani. Alinisomea Mathayo 5, pale Bwana anaposema kwamba ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako ukapatane naye kwanza. Kisha akanifungulia Walawi 6: aliyemdhulumu jirani yake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Akafunga Biblia akaniuliza nitakwenda lini.

Nikapiga hesabu zangu za msimu mmoja, nikaongeza ile sehemu ya tano, nikapanda Isyonje kwa yule mama mjane. Nilimsalimu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukaketi jikoni, nikasema. Hakulia wala hakunikumbatia. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Na ule mwaka wa mvua nyingi, je? Na ule niliouza ili nimlipie ada kijana wangu?" Alikuwa anayakumbuka magunia yote. Mimi niliyasahau, yeye alikuwa nayo kichwani, kila msimu na shida aliyokuwa nayo msimu ule. Hesabu yangu ikawa haitoshi hata nusu. Nilipomwomba msamaha aliniambia amenisikia, lakini kwanza azungumze na wanawe. Akanisindikiza mpaka barabarani.

Nimeona mashuhuda wengi wakisimama kanisani na kusema walikwenda kuomba msamaha, wakakumbatiana, wakaimba. Mimi sikuimba. Nilishuka ule mlima nikiwa nimesamehewa na Mungu na bado sijasamehewa na mama, nikaishi hivyo kwa miezi. Miezi hiyo ilinifundisha neema kuliko semina zote nilizohudhuria. Nilizoea kuisikia amani ya Mungu kwa njia ya watu kunisifia. Sasa hapakuwa na wa kunisifia. Msalaba peke yake ndio uliobaki, na ulitosha. Mwangalie Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19: Bwana alimwambia ashuke mtini, leo atashinda nyumbani kwake, kabla hajaahidi kurudisha hata senti. Ahadi ya kurudisha mara nne ilikuja baadaye, Mgeni akiwa tayari ndani. Mimi nilikuwa nimegeuza mambo. Nilifikiri nikilipa ndipo Yesu ataingia kwangu. Kumbe ni kwa sababu alikuwa ameingia ndiyo maana niliweza kulipa.

Sisi Wamoraviani huadhimisha tarehe 13 Agosti, kumbukumbu ya siku ile ya mwaka 1727 ambapo Roho aliwagusa watu wa Herrnhut, kijiji cha Ujerumani walikoanzia Wamoraviani wa leo, walipokusanyika kwenye Meza ya Bwana pale Berthelsdorf. Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni. Sehemu ambayo sikuitilia maanani ni ile iliyotangulia. Watu wale walikuwa wamegawanyika vibaya, wanabishana juu ya imani hata kuishi pamoja kukawa shida. Zinzendorf, mwenye ardhi aliyewapokea pale, alipita nyumba kwa nyumba akizungumza nao, na mwezi Mei mwaka huo huo wakakubaliana namna ya kuishi kama ndugu. Walianza kutafutana wao kwa wao, na Agosti ikawakuta wanatazamana usoni. Tunaiomba sana Agosti yao, ndugu zangu, na Mei yao hatuitaki!

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana wa Makambako, na kwako unayesoma ukiwa na jambo lako kifuani, ni huu: itaje. Chukua karatasi uiandike kwa jina lake la mtaani, lile ambalo aliyeumia angelitumia. Usiandike "udhaifu", usiandike "changamoto". Kama ni wizi andika wizi, kama ni uzinzi andika uzinzi. Kisha mwandike aliyeumia. Kisha nenda kwa mtu mmoja mkomavu wa imani, ukae naye, uitaje mbele yake kwa sauti. Nasema mmoja. Wazee wetu wa Uamsho, ule uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia kwetu kupitia Bukoba, waliungama hadharani na kurudisha walivyoiba, na ninawaheshimu mno kwa hilo. Lakini kuna dhambi ambayo ukiitangaza kwenye kipaza sauti unamvua nguo mtu mwingine ambaye hakukuomba. Kama dhambi yako ina mwenzako ndani yake, au mtoto, au ndoa ya watu, mpe mchungaji wako nafasi akuongoze kabla hujafungua mdomo mbele ya kusanyiko.

Na usitegemee watu wote watafurahi. Mzee mwenzangu mmoja aliniambia nimewaaibisha wote, kwa kuwa na yeye hununua mazao, na tangu siku ile salamu yake imekuwa ya mbali. Inaniuma mpaka leo. Tajiri mmoja alihamia kwa mnunuzi mwingine. Lakini nanunua kwa kilo sasa, mizani naining'iniza mbele ya mkulima naye anasoma mwenyewe, na mzigo naupata. Waliosema nitafilisika wananiona kila wiki Uyole napakia.

Yule mama alinitumia salamu kupitia kijana wake msimu uliofuata: nipande na fuso, ila nije na mizani. Nilipofika alinipa mkono, akasema, "Ndaga, mwanangu. Yameisha." Ndaga ni asante. Deni lililobaki kwenye ile hesabu yake namlipa kidogo kidogo kila mavuno, ndivyo tulivyokubaliana na wanawe.

Wakulima wengine nimewapata baadhi. Mmoja alifariki, nikampa mkewe. Kwa wale nisiojua walikohamia, mchungaji alishauri fungu lao liende kwenye ada za watoto wa wajane wa mtaa wetu, bila jina langu kusomwa, na majina yao bado ninayo kwenye daftari. Kuna wawili wa Umalila ambao nimeelekezwa juzi walipo, na mvua zikipungua na barabara ikapitika, nitapanda.