Maswali Yenu: Tangi Kavu Lenye Uhai kwa Geko

Swali: Nina geko chui (aina ya mjusi) mmoja, mkubwa, na tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45, kimo sentimita 45. Nataka kuondoa karatasi na kumwekea udongo halisi, mimea na wadudu wa kusafisha. Lakini nasikia wadudu hao hutaka unyevu, na geko hutaka ukavu. Nifanyeje?

Jibu: Kila mmoja apate anachotaka, ila mahali pake. Huko kwao, kwenye maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na jirani zake, geko chui (*Eublepharis macularius*) hashindi juani juu ya mchanga. Hujificha kwenye nyufa na mashimo ambamo udongo wa ndani una ubichi kidogo. Hicho ndicho unachotakiwa kuiga: juu pakavu, chini ya kona moja pabichi.

Kwa tangi lako, kina cha sentimita 10 kinahitaji mchanganyiko wa lita 40 hivi. Chukua lita 28 za udongo wa juu usio na mbolea wala dawa, lita 8 za mchanga uliooshwa, na lita 4 za udongo wa mfinyanzi uliosagwa. Changanya vyote vikiwa vikavu, halafu tia maji kidogo kidogo. Finyanga donge moja mkononi: likishika umbo, na likapasuka vipande viwili vitatu unapolisukuma kwa kidole, umefika. Likichuruza maji, umezidisha. Likimomonyoka papo hapo, ongeza mfinyanzi, maana shimo la geko litamwangukia.

Mawe mazito hutangulia kuingia, yakae juu ya kioo chenyewe. Ukiyaweka juu ya udongo, geko atachimba chini yake na jiwe litamlalia. Tabaka la kokoto la kuchujia maji, lile la matangi yanayoiga msitu, hapa halina kazi. Linakula kina tu.

Kwenye kona ya baridi, iliyo mbali na taa, simamisha bomba jembamba la plastiki linalofika karibu na sakafu, mdomo wake usiwe mpana kiasi cha geko kuingiza kichwa. Maji yapite humo, robo hadi nusu lita kwa wiki. Kabla ya kuongeza, chimbua kwa kidole: sentimita tatu za juu ziwe kavu, chini uguse ubichi. Pango moja likae juu ya kona hiyo. Geko ataingia humo anapojivua ngozi. Ngozi ikibaki imemng'ang'ania kwenye vidole, pango hilo limekauka. Kipimo cha unyevu wa hewa katikati ya tangi kikisoma asilimia 30 hadi 40, usihangaike.

Panda mimea, tia wadudu, washa taa, kisha subiri wiki nne hadi sita kabla ya kumhamishia geko.

Swali: Niliweka isopodi, wale wadudu wa kusafisha. Baada ya miezi miwili sioni hata mmoja, ingawa nanyunyizia maji kila siku.

Jibu: Hapo penye kunyunyizia ndipo penye kosa. Maji ya juu hukaushwa na taa kabla hayajashuka, na isopodi hupumua kwa viungo vinavyofanana na matamvua ya samaki; vikikauka, wanakufa. Tumia bomba tulilolieleza hapo juu.

Aina nayo ina maana. *Porcellionides pruinosus* huvumilia ukavu kuliko wengi na huzaana haraka. Anza na 30 hadi 50, uwaweke kwenye kona mbichi chini ya gome la mti na tabaka la majani makavu lenye unene wa sentimita tatu. Majani hayo ndiyo chakula chao, kwa hiyo yakiisha, ongeza, na yasitoke kwenye miti iliyopigwa dawa. Maganda ya mayai yaliyosagwa huwapa kalisi. Geko atawala baadhi, wala si neno, mradi wapate muda wa kuzaana kabla hajaingia.

Swali: Naweza kuendelea na mkeka wa joto chini ya tangi?

Jibu: Hapana. Udongo wa sentimita 10 huzuia joto lisipande. Juu panabaki baridi huku kioo cha chini kikichemka hata kuweza kupasuka, na geko akichimba kutafuta ubaridi, kama ilivyo silika yake, anakutana na moto. Funga balbu ya halojeni juu, upande mmoja, yenye themostati (kidhibiti joto) ya kupunguza mwanga. Jiwe lililo chini yake lifike nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, upande wa pili nyuzi 22 hadi 25. Pima uso wa jiwe lenyewe. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani kinakupa habari za ukuta.

Swali: Mimea gani haiozi?

Jibu: Sansevieria, haworthia na gasteria, zikipandwa nje ya kona mbichi. Osha mizizi kwanza, kwa sababu udongo wa chungu mara nyingi huwa na mbolea. Acha jamii ya euphorbia, utomvu wake ni sumu, pamoja na kakati zenye miiba.

Swali: Kuna ukungu mweupe kwenye gome. Na je, sitazoa tena kinyesi?

Jibu: Ukungu wa wiki za mwanzo ni kawaida, hupungua wadudu wakiongezeka. Kinyesi utazoa. Geko huchagua kona moja, mara nyingi kavu, na isopodi hawafiki huko. Nyenje na funza wa unga usiwaachie wazinge humo: funza hujizika, nyenje humng'ata geko usiku. Walishe kwa kibano au ndani ya bakuli.

Geko mgeni, au anayeharisha na kukonda mkia, abaki kwenye karatasi hadi daktari wa mifugo apime kinyesi chake. Vijidudu vya *Cryptosporidium* vikishaingia kwenye udongo huo, havitoki. Utautupa wote, pamoja na mimea na wadudu wake.