Barua pepe inasema nibadili nywila sasa hivi: nitajuaje kama ni ya kweli?

SWALI: Nimepata barua pepe iliyoandikwa kuwa imetoka Google. Inasema kuna mtu ameijua nywila yangu, nibonyeze kitufe niibadili mara moja. Nembo ni ile ile, lugha haina kosa, na ukurasa unaofunguka una alama ya kufuli. Mwenzangu ofisini alipata kama hiyo juzi, akajaza. Nitaitambuaje, na yeye afanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nembo na lugha safi ziweke kando, maana hunakiliwa kirahisi. Jina la mtumaji nalo huandikwa lolote. Kufuli linaonyesha tu kwamba mawasiliano yako na tovuti ile hayasomeki njiani. Halisemi tovuti ni ya nani.

Kinachosema ni ya nani ni anwani. Kwenye simu, shikilia kiungo bila kuachia mpaka anwani yake itokee. Kwenye kompyuta, weka mshale juu yake bila kubofya. Kisha usiisome kuanzia mwanzo. Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya https://, urudi nyuma kuelekea kushoto. Sehemu mbili za mwisho zilizotenganishwa na nukta ndizo jina la mwenye tovuti. Kwa anwani za .co.tz au .go.ke, hesabu tatu.

Tazama hii: myaccount.google.com-securitysettingpage.tk. Machi 2016 ndiyo iliyomnasa John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton nchini Marekani, kwa barua inayofanana sana na yako. Jicho likifika google.com linaridhika. Lakini baada ya "com" kuna kistari, si mkwaju, kwa hiyo mwenye tovuti ni com-securitysettingpage.tk. Maneno "myaccount" na "google" yamebandikwa mbele, na kila mwenye tovuti anaweza kubandika hapo neno alitakalo. Tena kiungo kilifupishwa kwa bit.ly, huduma ya kufupisha anwani, anwani hiyo isionekane kabla ya kubofya. Mtaalamu wa kompyuta wa kampeni alipoulizwa na watu wa Podesta, aliwaandikia kiungo sahihi cha Google, ila akaiita barua ile halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika si halali. Kikabofywa kile cha kwenye barua.

Ndiyo maana nasisitiza: hata barua ikionekana ya kweli, usiingilie kwenye kiungo chake. Fungua kivinjari, andika mwenyewe myaccount.google.com, uingie sehemu ya usalama. Kama kweli kuna mtu amejaribu kuingia, onyo utalikuta huko. Kiambatisho cha .html kinachofungua ukurasa wa kuomba nywila, kifute. Na kama kivinjari chako huwa kinajaza nywila chenyewe, kisha leo kimenyamaza, usiijaze kwa mkono kabla hujasoma anwani: huenda si tovuti uliyoizoea.

Mwenzako aanze leo. Abadili nywila kwa njia hiyo hiyo ya kuandika anwani, kisha aondoe vifaa vyote asivyovijua kwenye akaunti. Akague namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, zisije zikawa za mwizi. Sehemu inayosahaulika sana ni mipangilio ya Gmail kwenye kompyuta: aangalie vichujio na usambazaji wa barua. Mwizi huweka hapo agizo la kujitumia nakala ya kila barua inayoingia, na kubadili nywila hakulifuti.

Je, ukurasa ule ulimwomba pia msimbo uliokuja kwa SMS, naye akaujaza? Basi mwizi anaweza kuwa aliutumia dakika ile ile akaingia. Msimbo wa SMS hauzuii mtego wa namna hii. Ufunguo wa usalama unaochomekwa kwenye kompyuta huuzuia, kwa sababu unakataa kufanya kazi kwenye anwani isiyo yake.

Na popote pengine alipotumia nywila ile ile, kuanzia benki, aibadili huko pia. Amwambie na fundi wa mtandao wa ofisi, kwa kuwa barua zinazofuata huenda zikatoka kwenye akaunti yake kwenda kwenu.