Jina la duka lililofungwa lina mwenyewe

Ndugu, umeuliza kama unaweza kufungua duka Uingereza kwa jina la Woolworths, maana maduka yake yote 807 yalifungwa kufikia Januari 2009. Usikimbilie kuchora bango: jina lilinunuliwa mwaka huohuo. Anza na daftari la alama za biashara, uone mmiliki na aina za bidhaa. Usajili huhuishwa kila miaka 10, ila alama isiyotumika miaka 5 mfululizo yaweza kuombewa kufutwa. Wengi hukwama hapa, kwani mauzo ya mtandaoni nayo ni matumizi. Debenhams, maduka mengine ya Uingereza yaliyofungwa, inaishi hivyo mtandaoni tangu 2021. Ila zile peremende za Woolworths za kujichotea kwa kijiko, mfuko ukapimwa mizani, uza hata kesho kwa jina lako.