Gari mpya ndogo, oto au manyuo? Kabla hujasaini tafuta P iko wapi

Mkuu weka hiyo kalamu chini. Usisaini kesho, hata kama umeshalipa kianzio, hata kama umeshawaonyesha picha watu wa nyumbani.

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Unataka gari mpya ndogo ya kubana mafuta, injini isizidi lita 1.2, ya kwenda kazini na kurudi, foleni asubuhi foleni jioni, na unauliza mambo kama sita hivi: oto au manyuo, turbo au bila turbo, sedani au hechibeki, rangi gani haionyeshi vumbi, ukija kuiuza itashika bei, na kama brosha inasema kweli kuhusu mafuta. Sawa. Lakini pale katikati umepitisha kitu harakaharaka kana kwamba hakina uzito, kwamba muuzaji amekuonyesha "oto ya bei poa, inakula mafuta kama manyuo na imezidi manyuo kidogo tu". Hapo mi nikainuka kwenye kiti. Hayo maneno niliambiwa mimi, karibu hivyohivyo, na yule jamaa alikuwa anatabasamu.

Hiyo sio oto unayoifikiria wewe. Hiyo ni manyuo iliyopachikwa roboti.

Namaanisha hivi. Giaboksi ni ileile ya manyuo, klachi ni ileile kavu, pleti yake inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, kama kawaida, ila badala ya mguu wako wa kushoto kuna kimota kinakanyaga klachi na kingine kinabadilisha gia, na kompyuta ndo inaamua lini. Wenyewe wanaiita AMT, halafu kila kampuni inaipa kijina chake cha kuvutia ili usijue. Ndo maana inabana mafuta kama manyuo, kwa sababu ni manyuo! Na ndo maana bei iko chini. Hapo muuzaji hajakudanganya. Amekaa kimya tu kwenye kitu kimoja, kwamba klachi ipo na itaungua kama klachi nyingine yoyote ukiitumia kama hujui ipo.

Mi sikujua ipo. Mimi nilikulia kwenye oto ya zamani ya kaka yangu, ile yenye torki konvata, ambayo kati ya injini na giaboksi kuna oili inazunguka, hamna pleti mbili zinakwaruzana wakati unanyata. Ile gari unaweza kukaa nayo kwenye foleni siku nzima unaachia breki inanyata, unakanyaga inasimama, mlimani unaishikilia na mafuta kidogo tu na haikusemi. Si tabia nzuri ila inavumilia. Sasa chukua mguu uliofundishwa hivyo, uuweke kwenye gari yenye klachi kavu. Miaka miwili kasoro nilikuwa naichoma klachi yangu mwenyewe kila asubuhi na nikifika kazini naisifia kwa wenzangu kwamba aisee hii gari haili mafuta.

Dalili zilikuwepo, siwezi kusema hazikuwepo. Siku ya kwanza kabisa, bado niko nayo kwenye uwanja wa shorumu, nimezima, natafuta P, ile ya kuegesha. Nikaangalia mkono wa gia: R, N, D, na pembeni alama ya jumlisha na kutoa. Nikaangalia tena kama mtu aliyepoteza funguo mfukoni mwake mwenyewe. Nikamuuliza, bwana P iko wapi? Akanijibu, na naapa hakupepesa jicho, "P wameitoa bosi, ni teknolojia mpya." Teknolojia mpya! Na mimi mtu mzima mwenye akili zangu nikatikisa kichwa nikasema ahaa. P haipo kwa sababu manyuo haijawahi kuwa na P, unaiacha kwenye gia na unavuta handibreki, kama babu zetu walivyofanya. Ningeondoka palepale leo ningekuwa na hela yangu.

Dalili ya pili, inapobadilisha gia kutoka ya kwanza kwenda ya pili inakata nguvu kidogo halafu inarudisha, abiria wote mnainamisha vichwa kama mnaitikia dua. Nikauliza, nikaambiwa gari inakujifunza, baada ya muda itakuzoea. Haikunizoea. Shingo yangu ndo iliizoea.

Sasa siku yenyewe. Kilomita zilikuwa elfu 31 na ushee, Jumamosi jioni, tunatoka kwenye maegesho ya chini ya jengo, ule mpando wa kona wa kutokea juu, magari yamepangana mbele yangu kama nane hivi, wanasubiri geti. Na mi nafanya kama nilivyozoea, sikanyagi breki, naishikilia gari mlimani na mafuta. Inasogea hatua moja, nashikilia. Inasogea nyingine, nashikilia. Dashibodi ikalia pii, ikatokea picha ya gia na alama ya mshangao. Nikadhani mlango. Nikamwambia mwanangu nyuma funga mlango vizuri, akaniambia umefungwa. Halafu ikaja harufu, na binti yangu wa miaka sita akauliza, "Baba, nani anapika viatu?"

Sitasahau hilo swali. Nilikuwa napika viatu mimi. Gari ya mbele ikasogea, nikakanyaga, injini ikalia juu kabisa na gari haiendi, nikakanyaga zaidi (usicheke), ikaanza kurudi nyuma taratibu, nyuma yangu kuna mama na gari yake nyeusi inayong'aa anapiga honi kama anazima moto. Nikashika handibreki kwa mikono miwili. Walinzi wakaja wakatusukuma kwenda kwenye kona, na kuna mmoja, kijana mdogo tu, akanusa akasema "klachi hiyo mzee". Nikamjibu kwa dharau kabisa, hii ni oto, haina klachi. Akaniangalia, akaangalia mkono wa gia, akaniangalia tena, hakusema kitu. Heshima yake.

Fundi alipoishusha giaboksi aliniita nikaone. Pleti imekwisha mpaka kwenye vichwa vya ribiti, imekuwa nyeusi kama kaa, na flaiwili ina madoa ya bluu na zambarau yamesambaa kama mafuta ya taa juu ya maji. Akaniambia ukiona rangi hizo ujue chuma kimepata joto mpaka kimebadilika. Kwa hiyo sio pleti peke yake. Pleti, presha pleti, bearingi ya klachi, na flaiwili yenyewe.

Nikasema hamna shida, gari mpya, waranti ipo, miaka mitatu. Nikaenda kifua mbele. Nikaletewa karatasi: klachi ni kifaa cha kuisha kwa matumizi, kama pedi za breki na matairi, haimo kwenye waranti. Yaani nilikaa pale nikaisoma mara tatu. Siku ya kuniuzia, gari haina klachi, endesha kwa raha bosi, mguu wa kushoto pumzisha. Siku ya waranti, gari ina klachi, na umeimaliza mwenyewe! Nikamtafuta yule muuzaji wangu, nikaambiwa amehamia tawi lingine. Popote alipo namuombea apewe gari yenye P halafu ikwame kwenye P.

Na kitabu cha gari kilikuwa kinasema. Hapo ndo paliniuma. Kitabu kilikuwa kwenye droo ya dashibodi, bado kiko kwenye nailoni yake, nikakifungua nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi, na kimeandika wazi usiishikilie gari kwenye mwinuko kwa kukanyaga mafuta, tumia breki, la sivyo klachi itapata joto na kuharibika. Sentensi moja hiyo. Iliyonigharimu mishahara miwili na robo, na bado sijafika kwenye ujinga wa pili.

Ujinga wa pili ni kwamba nilitafuta wepesi. Bei ya kwenye kampuni ilinishtua nikampa fundi wa nje, mtu mzuri tu, mikono yake safi, kafunga kila kitu vizuri, ila hana ile kompyuta. Klachi ya roboti ukishabadilisha lazima uifundishe upya kwa mashine, ijue pleti mpya inaanza kushika wapi, maana kimota bado kinakumbuka ile iliyokwisha. Hatukuifundisha. Gari ikawa inaondoka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, au unakanyaga inafikiria kwanza sekunde mbili ndo inaruka. Wiki moja hivyo, nikarudi kulekule nilikokimbia, nikalipa ya kuunganisha mashine dakika arobaini, na jamaa wa pale akaniuliza kwa upole nani alikufungia hii. Nikasema sikumbuki.

Niwe mkweli, gari yenyewe sio mbaya. Kuna jamaa yangu anayo hiyohiyo aina ya giaboksi, anakaa sehemu ya barabara wazi, foleni haijui, akisimama mlimani anakanyaga breki au anavuta handi, anaweka N akijua atasimama muda mrefu, na amezidi kilomita elfu 90 na klachi bado ni ya kiwandani. Lakini yeye alijua ananunua manyuo yenye roboti. Na wewe umeandika foleni asubuhi foleni jioni. Kwenye foleni hiyo kitu inanyata kwa kuachia klachi nusu, nusu, nusu, kila mita mbili. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye swali lako la oto au manyuo, mi nakwambia swali limekosewa. Uliza oto ya aina gani. Mlazimishe aandike kwenye karatasi ya oda, kwa maneno, na akikwambia "ni oto tu bosi zote sawa" inuka uondoke. Majibu yatakuwa moja kati ya haya. Torki konvata, hiyo ni ile ya kaka, kwenye foleni haikusumbui, inaweza kula mafuta zaidi kidogo. CVT, hiyo haina gia za kupanda, ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati, laini na inabana mafuta vizuri, ila inataka oili yake yenyewe, sio oili ya oto ya kawaida, na ukiambiwa oili hiyo ni ya maisha uliza maisha ya nani, ya gari au ya waranti. Mi ningeimwaga mapema kwa foleni hizo. Klachi mbili, yaani giaboksi yenye klachi mbili zinazopokezana gia, hapo uliza zinakaa ndani ya oili au ni kavu, zikiwa kavu rudi juu usome habari ya viatu. Haibridi nyingine zinaandikwa e-CVT, usichanganye, ile ya Toyota kwa mfano haina mkanda kabisa, ni gia za sayari na mota mbili za umeme, tangu Prius ya 1997, na kwa foleni ni tamu sana ila najua bei yake sio uliyoandika wewe.

Na manyuo ya kawaida? Manyuo haijawahi kumdanganya mtu. Pedali tatu unaziona kwa macho. Klachi ikichoka fundi yeyote anaibadilisha bila kuifundisha chochote. Kama goti lako la kushoto ni zima na hela ni hiyohiyo uliyotaja, mi ningechukua manyuo nikalala usingizi.

Halafu kuijaribu. Mimi nilizungushwa dakika kumi kwenye barabara pana, saa nne asubuhi, hamna gari hamna mlima, hapo hata mkokoteni ungependeza. Wewe waambie unaitaka saa ya foleni. Nenda nayo kwenye foleni iliyosimama kabisa, nusu saa, inyate. Kisha tafuta mlima, simama katikati, achia breki uone inarudi nyuma au hairudi. Kisha irudishe rivasi kupanda mwinuko taratibu, hapo ndo roboti wengi wanaaibika, inatetemeka na kunuka. Wakikataa kukupa nusu saa ya foleni nawe wakatalie miaka mitano ya marejesho.

Na waombe ile karatasi ya waranti KABLA, tafuta neno klachi kwa kidole, mstari kwa mstari. Likiwepo kwenye orodha ya visivyolipiwa na wamekwambia gari haina klachi, waonyeshe hilo neno wakueleze mbele ya meneja wao. Mi ningelipa hela nione hiyo sura.

Turbo nitarudi kueleza baadaye, kuna mambo pale. Hechibeki au sedani, aah, yoyote inayoingiza mizigo yako. Rangi mwulize anayeosha. Ila kesho usiende na kalamu, nenda saa kumi na moja jioni foleni ikiwa imekolea, kaa kwenye kiti, usiwashe kwanza, angalia mkono wa gia, halafu urudi hapa uniambie kama P umeiona.