Kukokota SUV nyuma ya motohomu, magurudumu yote manne yakiwa chini: mambo ya kujua kabla ya safari ya kwanza

Ukiwa kwenye usukani wa motohomu (gari kubwa lenye nyumba ndani yake), huwezi kuihisi SUV unayoikokota. Tairi lake linaweza kupasuka, breki zake zikang'ang'ania, hata gia ikajirudisha kwenye P (ya kuegesha) na magurudumu yakaburuzwa kwenye lami, nawe ukaendelea na safari hadi mwenye gari la nyuma akupigie honi kwa sababu ya moshi. Kwa hiyo usalama wa kazi hii unapatikana gari likiwa limesimama: kwa kuchagua SUV inayofaa, kuifunga vizuri, na kushuka kuikagua mara kwa mara.

Anza na giaboksi, kabla ya kununua hata bolti moja

Si kila SUV inakokotwa hivi, na sababu ni oili. Giaboksi nyingi za otomatiki hupata oili kutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo inasimama. Magurudumu yaliyo chini yanaendelea kuzungusha shafti ya kutolea nguvu ndani ya giaboksi, na gia na beringi zinasagana bila oili. Wageni wengi hudhani kuweka N (gia huru) kunatosha. Hakutoshi. N inaitenga injini na magurudumu, lakini haiyatengi magurudumu na giaboksi.

Gari la 4x4 lenye transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) iliyo na N yake yenyewe ni habari nyingine. Transfa ikiwekwa N, mzunguko wa magurudumu unaishia hapo na giaboksi inatulia. Ndiyo maana Jeep Wrangler inapendwa sana kwa kazi hii. Jeep Grand Cherokee pia hukokotwa, ila zile tu zenye transfa ya gia nzito (low range). Ndugu yake asiye na gia nzito, hata kama nje anafanana naye kabisa, hafai. Honda CR-V zilikuwa zikiruhusiwa hadi toleo la 2014, lakini za 2015 zilipoletwa na giaboksi ya CVT (ya otomatiki isiyo na gia za hatua), ruhusa ikaondoka. Jina la gari halitoshi: tazama mwaka, aina ya giaboksi na mfumo wa kuendesha magurudumu, kisha usome kitabu cha gari hilohilo, sehemu inayohusu kukokotwa magurudumu yote yakiwa chini. Kitabu kikisema hapana, maneno ya muuzaji hayabadilishi kitu.

Hata linaloruhusiwa lina utaratibu wake. Kwa CR-V za zamani ilikuwa lazima kuwasha injini, kupitisha gia zote, kukaa D kwa sekunde 5, kurudi N, kuacha injini iungurume kwa dakika 3, ndipo uizime. Hiyo ilikuwa njia ya kusambaza oili, na ilirudiwa safari ilipokuwa ndefu. Nakili utaratibu wa gari lako kwenye karatasi, uibandike kwenye kivuli cha jua cha dereva.

Kama SUV yako inaendesha magurudumu yote wakati wote na transfa haina N, usidhani kuinyanyua mbele tu kwenye kitoroli cha magurudumu mawili kutaiokoa. Ya nyuma yatazunguka, ya mbele yamesimama, na kiungo kinachogawa nguvu katikati kitaungua. Gari kama hilo lipande lote kwenye trela.

Uzito: kipande dhaifu ndicho kinachoamua

Motohomu ina kikomo cha uzito wake na kikomo kingine cha uzito wake pamoja na kinachokokotwa. Ipeleke mizani ikiwa imejaa maji, mafuta, watu na mizigo. Tuseme kikomo cha pamoja ni kilo 11,800 na mizani inasoma kilo 9,900: umebakiwa na kilo 1,900 kwa SUV na kila kilichomo ndani yake. Kisha soma kibandiko cha kiungio cha nyuma, chuma cha kukokotea, bamba la mbele la SUV, na kipande cha kushushia kimo kama unakitumia. Kila kimoja kina kikomo chake, na namba ndogo kuliko zote ndiyo yako. Kiungio cha kilo 2,268 hakipandi daraja kwa sababu umenunua chuma cha kukokotea cha kilo 4,500.

Bamba la mbele hufungwa kwenye chasisi ya SUV, kamwe si kwenye bampa ya plastiki. Ni kazi ya fundi anayeifahamu, kwa kuwa mara nyingi bampa hushushwa yote na baadhi ya magari yana rada au sensa hapohapo mbele. Hakikisha mikono ya chuma cha kukokotea inalala karibu sawa na ardhi. Tofauti ya kimo kati ya kiungio cha motohomu na bamba la SUV isizidi sentimita 7 au 8, na upande wa motohomu ndio uwe juu. Mikono ikiinama kupita hapo, ukifunga breki kwa nguvu SUV hujaribu kupanda au kujichimbia chini ya motohomu, na pini hubeba mzigo ambao hazikutengenezewa.

Breki za SUV si hiari

Motohomu ina breki kubwa, lakini zilipigiwa hesabu ya uzito wake. Ukiongeza tani mbili zinazosukuma kutoka nyuma, unasimama mbali zaidi, na kwenye mteremko breki zinachemka mapema. Sheria pia zinadai: Uingereza, kwa mfano, gari linalokokotwa namna hii huhesabiwa kuwa trela, na trela ya zaidi ya kilo 750 lazima iwe na breki zinazofanya kazi. Katika majimbo mengi ya Marekani kikomo hupangwa kwa uzito pia. Hata pale ambapo hakuna anayeuliza, weka.

Kuna mifumo ya aina mbili. Ule wa kuhamishika ni sanduku linalowekwa sakafuni mbele ya kiti cha dereva, mkono wake ukashika pedali ya breki na kuikanyaga motohomu inapopunguza mwendo. Ule wa kudumu umefungwa ndani ya gari na kuunganishwa na breki za motohomu. Kwa anayesafiri mara nyingi, sisi tunashauri wa kudumu, kwa sababu unaondoa nafasi ya kukosea kila unapofunga. Wa kuhamishika ni mzuri kama unabadilisha magari, lakini ukiusogeza sentimita mbili tu kutoka mahali pake, pedali inabaki imekanyagwa kidogo. Brekipedi zinakula diski kilomita hadi kilomita, habu zinapata moto, na gari linaweza kuungua.

Busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, nayo ina siri yake. Injini ikiwa imezimwa, busta hubaki na ombwe (nafasi iliyonyonywa hewa) la kutosha kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu. Sanduku nyingi hupimwa pedali ikiwa tayari ngumu. Kwa hiyo kabla ya kuweka sanduku, kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa hadi igome, ndipo urekebishe. Ukisahau, breki za mwanzo zitakamata kupita kiasi na tairi zitaburuzwa.

Usikose kuweka swichi ya dharura, ile inayofunga breki za SUV yenyewe pale SUV ikichomoka kutoka kwenye motohomu. Kamba yake ifungwe kwenye mwili wa motohomu, si kwenye chuma cha kukokotea, maana chuma kikichomoka kitaondoka na kamba yake. Iwe na ulegevu wa kutosha kwa kona kali, lakini ivutike kabla nyaya za chuma za usalama hazijafika mwisho.

Kufunga, kwa mpangilio uleule kila siku

Tafuta mahali pa tambarare palipo sawa, usogeze SUV nyuma ya motohomu, ikae katikati. Vuta hendibreki. Unganisha mikono na bamba, ingiza pini na klipu zake, kisha pishanisha nyaya za usalama chini ya mikono, zisiguse lami wala zisikaze kwenye kona. Chomeka waya wa taa, funga kamba ya swichi ya dharura.

Sasa ndipo unaigusa gia, na hapa kuna hatari ambayo wengi hawaioni. Transfa ikiwa N, gari halishikwi tena na P. Lever iko P, macho yanakuambia gari limefungwa, kumbe linaweza kubingirika na kumbana mtu aliyesimama mbele ya bampa. Kwa hiyo transfa iingizwe N baada tu ya gari kuunganishwa, hendibreki ikiwa juu. Kwenye Wrangler ya otomatiki, mkao wa mwisho ni transfa N na giaboksi P. Kabla ya kufika huko, washa injini, weka R kisha D huku ukiachia breki ya mguu: gari likijaribu kusogea, transfa haijaingia N, rudia. Likitulia, zima injini, ndipo uweke sanduku la breki kama unalitumia.

Usukani usiwe umefungwa, kwa sababu magurudumu ya mbele lazima yafuate kona yenyewe. Kwenye magari mengi hiyo maana yake ni kuacha swichi ya ufunguo kwenye ACC (mkao wa kuwasha vifaa bila injini), na hapo betri inaanza kuisha taratibu. Kitabu kinaweza kukutaka utoe fyuzi fulani. Suluhisho bora ni waya wa kuchaji kutoka motohomu, wenye fyuzi yake. Zingatia zaidi hili kwenye magari ambayo gia hubadilishwa kwa umeme: baadhi hujirudisha P yenyewe betri ikishuka.

Taa za nyuma za SUV zinawashwa na motohomu ama kwa dayodi zinazozuia umeme usirudi kwenye mifumo ya SUV, ama kwa balbu za ziada ndani ya taa. Mtu mmoja asimame nyuma, mwingine awashe taa ndogo, indiketa za pande zote na breki.

Achia hendibreki, na uondoe motohomu mbele polepole mpaka mikono yote miwili inyooke na kujifunga kwa mlio. Shuka uitazame kwa macho, usitegemee sikio. Mwenzako atembee kando ya SUV mita ishirini hivi, ahakikishe magurudumu yote manne yanazunguka.

Barabarani

Simama baada ya kilomita 10 au 15. Karibisha kiganja kwenye kila gurudumu bila kugusa; lililo moto kuliko mengine lina breki iliyoshika. Gusa pini na klipu, tazama waya. Baada ya hapo kagua kila unaposimama. Sensa za upepo kwenye tairi za SUV zina thamani kubwa hapa, na kamera ya nyuma ya motohomu iwe wazi muda wote. SUV ikianza kutikisa magurudumu ya mbele, punguza mwendo taratibu. Kisha tafuta chanzo kwenye upepo wa tairi, kimo cha chuma, au boljointi zilizochoka.

Usirudi rivasi. Hata mita moja. Magurudumu ya mbele ya SUV hujipinda hadi mwisho, gari linakwenda mshazari, na mikono au bamba inakunjika. Ukijikuta umeingia pasipo na njia ya mbele, fungua SUV kwanza. Kwa hiyo kwenye kituo cha mafuta, chagua pampu unayoweza kutokea moja kwa moja.

Kufungua nako kunataka mahali pa tambarare. Magari yakiwa yamepinda au mteremkoni, mikono hukazana na haitoki. Usipige nyundo, sogeza SUV kidogo huku ukizungusha usukani, mkazo utaachia. Hendibreki ivutwe kabla ya pini ya kwanza. Kisha toa sanduku la breki sakafuni, rudisha transfa kwenye gia na fyuzi mahali pake.

Mikono isafishwe matope na kupuliziwa silikoni kavu, kwani grisi hukusanya mchanga unaoikwangua. Bolti za bamba zipimwe mkazo kwa spana maalumu angalau mara moja kwa mwaka. Tundu la pini likianza kuwa la mviringo wa yai, kipande hicho kibadilishwe kabla ya safari inayofuata.