Muulize Fundi: Kikompyuta Kinagoma, ni Umeme au ni Kadi?

Mwezi huu barua nyingi zilizoingia ni za vikompyuta vya ubao mmoja, hasa Raspberry Pi, na ukizisoma kwa pamoja unaona watu wanalia kilio kimoja kwa maneno tofauti. Karibu kila mtu anaanza na "nimeweka programu upya bado inasumbua". Haya, twende.

Fundi habari za kazi. Nina Raspberry Pi 5 nimeichomekea hadidiski ya nje, natunzia picha za familia. Ikikaa kidogo diski inapotea, mara nyingine kompyuta nzima inajizima na kujiwasha. Chaja ni ya laptopu, wati 65, kwa hiyo umeme hauwezi kuwa tatizo. Nimeweka programu upya nimechoka. – Mzee wa Diski

Salama mzee wangu. Hapo uliposema "umeme hauwezi kuwa tatizo" ndo penyewe hapo hapo. Zile wati 65 za chaja ya laptopu unazipata ikitoa volti 20, sasa kaubao kako kanataka volti 5 tu, na kwenye volti 5 chaja nyingi za namna hiyo zinaishia ampea 3. Pi 5 inataka ampea 5. Ikiwaka inaulizana kwanza na chaja, ikijibiwa 3 inaamua kubana matumizi, milango yote ya USB kwa ujumla wake inagawiwa miliampea 600 badala ya ampea 1.6, na hadidiski ya kuzunguka pale inapoanza kujizungusha inaweza kuvuta zaidi ya hizo 600 bila shida, basi inakatika, ikikatika katikati ya kuandika ndo unakuta mafaili yameharibika na wewe unalaumu programu.

Usiniamini mimi, iulize yenyewe. Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) andika `vcgencmd get_throttled` halafu bonyeza enta. Ikijibu 0x0 umeme uko sawa tangu iwashwe. Ikijibu 0x50000 maana yake huko nyuma volti zilishuka na ikajipunguza mwendo, sa hizi iko sawa. 0x50005 ni kwamba hata muda huu unapoisoma ina njaa. Kipimo ni volti 4.63, ikishuka chini ya hapo inalalamika, na kama umeunganisha skrini unaweza kuona kialama cha onyo la umeme mdogo pembeni (watu wengi wanakiona miezi na miezi wanadhani ni urembo).

Na usisahau kebo. Chaja inaweza kuwa nzima kabisa ila kebo nyembamba na ndefu inakula volti njiani, ndo maana chaja rasmi za Pi zinatoa 5.1 badala ya 5 kamili, hiyo 0.1 ya juu ni ya kufidia kinachopotea kwenye waya. Kwa hiyo tafuta chaja ya Pi 5 yenyewe, ile ya wati 27, au kama unataka kubaki na uliyonayo diski ichomekwe kwenye kigawanyio cha USB chenye umeme wake. Pi 4 ni nyepesi kidogo, ampea 3 zinaitosha. Programu iache ilivyo, haina kosa.

Mambo fundi? Mi nina Pi 3 inarekodi joto la chumba kila sekunde na kuhifadhi kwenye databesi. Ilikuwa poa, sasa hivi kila kitu kinasema "Read-only file system", nikirestati inakaa kidogo inarudia. Hii ni kadi ya memori ya pili inanifanyia hivi. Ninunue kubwa zaidi? – Mpima Joto

Poa kabisa. Ukubwa peke yake hautakuokoa ndugu yangu. Huo ujumbe ni mfumo umegundua kwamba kadi haiandikiki vizuri ukaamua kujifungia usiharibu zaidi, yaani inakuomba uokoe ulichonacho. Zima, chomoa kadi, nenda kwenye kompyuta nyingine kopi databesi yako kabla hujajaribu ujanja wowote.

Kadi ya memori haiandiki kidogo kidogo kama unavyodhani. Wewe unaandika namba moja ya joto, yenyewe kwa ndani inaweza kulazimika kupanga upya kipande kizima kikubwa, na kila kipande kina idadi ya kufutwa na kuandikwa kinachoweza kustahimili kabla hakijachoka. Kila sekunde, usiku na mchana, juu yake kuna logi za mfumo (kumbukumbu zake za matukio), juu yake tena na umeme kukatwa ghafla, kadi ya kawaida lazima ife mapema. Kwani joto la chumba linabadilika kila sekunde? Kusanya vipimo kwenye ramu (memori ya muda, inayofutika ukizima), andika mara moja kwa dakika kadhaa, hapo tayari umeipunguzia mzigo mkubwa mno. Logi nazo zihamishie kwenye ramu, kwenye faili la `/etc/systemd/journald.conf` weka `Storage=volatile`, ila ujue ukizima zinapotea, siku ukitaka kujua kwa nini ilizima jana hutakuta kitu.

Kuna watu watakushauri uwashe ile overlei kwenye `raspi-config`, inayofanya kadi isiandikwe kabisa na kila kitu kiende ramu. Ni nzuri sana kwa skrini ya matangazo au kitu kisichohifadhi chochote. Kwako wewe ni balaa, maana ukirestati vipimo vyote vimeondoka.

Na hiyo kadi yenyewe una uhakika ni ya kweli? Zipo kadi zimeandikwa gigabaiti 128 ndani zina chache tu, zinakubali mafaili yote kwa adabu halafu zinaandika juu ya yale ya mwanzo. Kabla ya kuitumia ipime, kwenye Linux kuna `f3`, kwenye Windows kuna H2testw, zote zinaijaza kadi mpaka mwisho halafu zinasoma kama kilichoandikwa ndo kilichomo. Inachukua muda, iache ikae usiku. Pia angalia alama ya A1 au A2 kwenye kadi, hiyo inahusu kuandika na kusoma vipande vidogo vidogo, ndo kazi inayofanywa na kompyuta. Zile namba kubwa za kasi zinazopambwa mbele ya pakiti zinamfaa zaidi mwenye kamera.

Kuzima nako: andika `sudo poweroff`, subiri taa ya kijani iache kupepesa, ndo uchomoe. Bakapu ya databesi inayoandikwa usiikopi hivi hivi, simamisha programu kwanza ndo ukopi, la sivyo unakopi nusu ya sentensi.

Shikamoo fundi. Sina skrini wala kibodi, nataka kutumia Pi Zero 2 W kwa waifai kutoka kwenye laptopu. Nimefuata maelezo ya zamani, nikaingia na jina pi na paswedi raspberry, inakataa. – Mwanafunzi

Marahaba. Maelezo hayo yamezeeka, tangu Aprili 2022 jina na paswedi hiyo ya kila mtu vilitolewa kwenye Raspberry Pi OS (mfumo rasmi wa Pi), na vizuri vilitolewa maana ilikuwa kama nyumba zote mtaani kutumia ufunguo mmoja. Siku hizi unatumia Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika mfumo kwenye kadi, kwenye laptopu, kabla haijaandika kadi inakupa nafasi ya kuweka jina lako, paswedi, waifai, nchi uliyopo na kuwasha SSH (njia ya kuiandikia Pi amri kutoka kompyuta nyingine). Jaza vyote hapo hapo. Nchi usiiruke, usipoiweka redio ya waifai inaweza kubaki imefungwa.

Halafu angalia ruta yako. Pi Zero 2 W inasikia gigahezi 2.4 tu, kama mtandao wako umewekwa wa 5 peke yake utakaa hapo unasubiri mpaka kesho. Na ya kwanza kuwaka inachelewa, inapanua kadi na kujipanga, ipe dakika chache kabla hujaanza kuchomoa chomoa. Ukishaingia usifungue mlango wa 22 (ndo wa SSH) kwenye ruta ili uingie ukiwa mbali, maana roboti za kubahatisha paswedi zitaanza kubisha haraka sana. Tumia VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali) kama WireGuard.

Fundi, nimenunua sensa ya umbali HC-SR04, imeandikwa volti 5, na Pi ina pini za volti 5. Si naunganisha moja kwa moja tu? – Dada wa Roboti

Dada, nashukuru umeuliza kabla. Umeme wa sensa ndiyo, chukua pini namba 2 au 4, hizo ni za volti 5. Ila ule mguu wa Echo unarudisha jibu kwa volti 5, na pini za GPIO (zile za Pi za kuunganisha sensa na vitu vya nje) zinavumilia 3.3 mwisho, hazina kinga yoyote, pini inaweza kufa au ikaondoka na ubao wote. Weka rezista mbili: ya kilo-omu 1 kutoka Echo kwenda kwenye GPIO, na ya kilo-omu 2 kutoka hiyo hiyo GPIO kwenda graundi. Volti 5 zinagawanyika, Pi inapata kama 3.3, mambo yanakwenda. Mguu wa Trig (wa kuipa sensa amri) hauna neno, unganisha moja kwa moja. Na ukifika kwenye mota usiiwashe kutoka kwenye GPIO, pini moja haitakiwi kuvutwa zaidi ya miliampea 16, tafuta draiva ya mota. Waya zote unganisha Pi ikiwa imezimwa.

Saa ya Pi 4 yangu inarudi nyuma kila umeme ukikatika. Imeharibika? – Asiye na Subira

Haijaharibika, haina betri ya saa. Ikipata intaneti inajirekebisha, isipopata inaendelea na muda wa mwisho iliokumbuka. Kama inakaa bila mtandao nunua kamoduli ka saa kenye betri ka DS3231, unganisha kwenye pini za I2C (za kuongea na vimoduli kama hivyo), halafu kwenye `/boot/firmware/config.txt` ongeza mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`. Kwenye mifumo ya kabla ya Oktoba 2023 faili hilo liko `/boot/config.txt`, usilitafute sana.